Paa Jipya la Mama

Alhamisi, Runyenjes.

Baridi ya mwezi wa saba imetukalia tangu Jumatatu. Ukungu umeshuka mpaka kwenye majani chai, na habari za jua tunazisikia redioni tu, kwamba liko Mombasa. Nimejifunga leso mbili na bado magoti yananisema. Ningelala mapema, lakini leo nimefanya jambo la kipuuzi, na nisipoliandika litanikaba.

Leo nimepaka unyasi mmoja kaboni.

Ndilo hilo. Mwanamke mzima, mstaafu, mwenye kadi ya kliniki ya presha, ametoka kwake na nyasi za kuezekea ndani ya mkoba, akapanda bodaboda mpaka barabara kuu, akashuka Embu chuoni ili asimame mbele ya mashine na kuugeuza unyasi wa manjano kuwa mweusi. Wanaonijua watasema Muthoni sasa amezeeka kweli. Wasionijua, karibuni mketi, chai iko kwenye chupa.

Nianze na kazi yangu. Kwa miaka yangu mingi ya kuajiriwa nilikuwa fundi wa maabara ya fizikia, na kilichonipa ugali ni kupaka vitu utando mwembamba kwa mvuke. Si rangi ya brashi. Unachukua kipande cha kioo, unakisafisha mpaka uone haya kukigusa, unakiweka ndani ya chupa kubwa nene iliyopinduliwa, ambayo sisi tuliiita kengele. Pampu inanyonya hewa yote iliyomo, au karibu yote. Kisha unapitisha umeme kwenye waya uliobeba vipande vya alumini. Waya unawaka mwekundu, halafu mweupe. Alumini inayeyuka, inageuka mvuke. Kwa kuwa hakuna hewa ya kuuzuia, mvuke huo huenda moja kwa moja, ukagonga kioo baridi, ukaganda pale pale. Kioo ulichokuwa ukiona ng'ambo yake sasa kinakurudishia uso wako mwenyewe. Na huo utando ulioganda, ukiulinganisha na unywele, unywele ni gogo.

Zipo njia nyingine. Kuna ya gesi: unapitisha gesi juu ya kitu chenye moto, nayo inavunjikia hapo na kukiacha na ngozi mpya. Vijana wa siku hizi wanaipenda hiyo. Mimi ni mtu wa kengele.

Kinyua, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu wa kuvunja vioo na siku hizi ni daktari wa fizikia huko Embu, alinipigia simu mwezi uliopita. Mashine yangu ya zamani ilihamishiwa chuoni kwao nilipostaafu, na sasa imekuja mpya.

"Madam, ile mashini yako wanaitoa. Si ukuje uiwashe mara ya mwisho? Lete kitu yoyote unataka, tutaipaka."

Kitu chochote. Mtu mwenye akili angepeleka kijiko cha harusi. Mimi nilijua nitapeleka nini kabla Kinyua hajamaliza kusema, na nilishtuka jinsi jibu lilivyokuwa karibu, kana kwamba lilikuwa limekaa mlangoni miaka yote likisubiri kufunguliwa. Huku Runyenjes hakuna tena nyumba ya nyasi, ni mabati matupu. Nilizipata Ishiara, kwa mama mmoja aliyekuwa anaezeka kibanda cha mbuzi. Alinipa konzi moja na akakataa kulipwa kitu chochote, akasema ananihurumia.

Sasa nieleze kwa nini unyasi, na kwa nini mweusi.

Nyumba yetu ya kwanza, ile ya mteremkoni kabla ya Hali ya Hatari ya mkoloni, ilikuwa nyeusi kwa ndani. Ukiinua macho huoni nyasi. Unaona kitu kinachong'aa kama chungu kilichopakwa mafuta. Yalikuwa masizi, mbiro kwa lugha yetu. Moshi ulipanda kutoka mafigani, ukazunguka ukikosa pa kutokea, ukajilaza kwenye nyasi na fito, safu juu ya safu, mwaka juu ya mwaka. Masizi hayo yaliwafukuza wadudu wanaotoboa mbao, yakaifanya mvua iteleze nje bila kubisha. Mgeni akiinama mlangoni kwetu, aliangalia juu kwanza, ndipo akaketi. Paa jeusi lilikuwa cheti cha ndoa. Lilisema hapa pana mke na mume, na wamekaa.

Paa la manjano lilisema jambo lingine. Lilisema hapa kuna mwanamume aliyepanda juu majuzi. Maana kuezeka kulikuwa kazi ya wanaume. Wanawake walikata nyasi na kuzibeba mgongoni. Lakini kupanda juu ya nyumba, la. Mwanamke juu ya paa ni jogoo kutaga.

Baba alichukuliwa kizuizini mapema, kabla hatujahamishwa. Nilikuwa mdogo sana. Ninachokumbuka vizuri kwake ni shingo, kwa sababu ndiko alikonibeba. Baada yake ikaja amri kwamba watu wote washuke kijijini, na nyumba zetu zikachomwa tukiangalia. Masizi ya miaka mingi huwaka vizuri sana. Hilo nalijua tangu siku ile.

Kijijini kulikuwa na mistari ya nyumba zinazofanana kama meno. Kulikuwa na handaki pande zote, lenye miti iliyochongwa ncha chini yake, na lango moja. Homugadi, wanamgambo wa mkoloni, walikaa langoni, wengine wao watu wa mlima wetu, waliokula kwetu. Filimbi ya kwanza jioni, kila mtu awe ndani ya lango. Filimbi ya pili, moto uzimwe. Mchana kutwa wanawake walikuwa kwenye kazi ya lazima, kuchimba barabara na matuta, na kuni zilikatwa kwa zamu, chini ya bunduki. Kwa hiyo moto wa Mama ulikuwa mdogo, na moshi wake mdogo vile vile. Nyumba ilijengwa kwa haraka ya kusukumwa, nyasi chache, na mvua za masika zilitukuta tumelala zikatuamsha tumesimama.

Miaka ilipita hivyo. Juu ya mafiga palikuwa pameanza kuwa peusi, duara dogo tu. Sehemu nyingine zote zilikuwa zimeoza.

Kisha ikasikika kwamba watu wa kambi ya Baba wameanza kuachiliwa. Habari hiyo haikutangazwa. Ilipita matutani kutoka jembe hadi jembe. Mama alirudi nyumbani, akainua macho kwenye paa, akalitazama kama mtu anayetazama kidonda. Mume aliyekaa mbali miaka yote hiyo asilale akidondokewa.

Lakini nani angeezeka? Wanaume waliobaki walikuwa wazee wasioweza kupanda hata kitanda, au homugadi. Na mwanamke ambaye mumewe yuko kizuizini, akimwomba homugadi amwezekee nyumba, hiyo nyumba ina wawili.

Akapanda mwenyewe. Jumapili moja, kulipokuwa hakuna kazi ya lazima, Mama alikaza leso kiunoni, akaweka mguu kwenye ukuta, akaenda juu. Majirani wanawake walitoka kuangalia, wakafunika midomo kwa viganja. Mimi nilikuwa chini nikimrushia matita. Alitoa nyasi kuukuu zote, akazitupa nyuma ya nyumba, akaweka mpya, akazifunga kwa kamba za magome kama alivyowaona wanaume wakifanya maisha yake yote bila kuruhusiwa kugusa. Aliposhuka mikono ilikuwa inavuja damu na alikuwa anacheka. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo tena. Usiku ule mvua ilinyesha na tukalala tumekauka, tukinusa nyasi mbichi.

Nikiulizwa siku gani ya maisha yangu ningependa nirudishiwe, si ya harusi, si ya kuajiriwa. Ni Jumapili ile.

Baba alikuja katikati ya wiki iliyofuata.

Hatukuwapo. Tulikuwa barabarani tunachimba, hata watoto, kubeba mawe. Tuliporudi, Cucu wa Ireri alikuwa ameketi mlangoni kwake akitusubiri. Huyu alikuwa bibi mzee wa nyumba ya jirani, aliyeletwa kutoka kijiji kingine siku chache kabla, hajui nani ni wa nani.

"Kulikuja mtu kwenu," alisema. "Mrefu, amekonda, ana kofia. Aliinama mlangoni akaangalia juu. Hakuangalia kitanda, hakuangalia moto. Juu tu. Nikamuuliza, unatafuta nani, mwanangu? Akasema, 'Paa zuri.' Basi akaenda."

Mama aliliachia jembe likaanguka.

Mimi sikuelewa. Nilikuwa na umri wa kudhani mtu akisifu paa lako atarudi. Mama alielewa mara moja, nami niliona uso wake ukielewa. Mtu ametoka kifungoni, ameelekezwa nyumba ya mkewe, ameinama mlangoni akitegemea paa la mwanamke anayeishi peke yake, lililooza na lenye masizi kidogo. Akakuta paa la manjano, jipya, limefungwa vizuri. Nani aliyepanda?

Alikimbia langoni. Filimbi ya kwanza ilikuwa imeshapigwa. Aliyekuwa kwenye zamu alikuwa mtu wa kwetu, mtu ambaye Baba aliwahi kumsaidia kuvuna.

"Mume wangu yuko hapo nje tu," Mama alimwambia.

"Mama Muthoni, ukivuka hapo mimi sitakujua. Kesho omba pasi ya kutoka."

Akarudi nyumbani. Na hapo ndipo alipofanya lile jambo ambalo nimelibeba mpaka leo.

Aliamua kulifanya paa liwe kuukuu kabla ya asubuhi. Kama Baba angerudi kuchungulia tena, akute masizi. Akute nyumba ya mwanamke aliyekaa na moto wake peke yake. Alikusanya kuni zote zilizokuwa kwenye uchaga, akaongeza magunzi, akaongeza majani mabichi ili moshi uwe mwingi, kisha akatoka nyuma ya nyumba akaleta zile nyasi kuukuu alizozitupa. Zilikuwa na masizi yake kidogo. Alizisukuma motoni konzi baada ya konzi, akisema masizi yarudi yalikotoka. Alinipa ungo nipepee. Nilipepea kwa nguvu zangu zote. Moshi ulijaa hata sikumwona Mama. Nilisikia kikohozi chake tu, na mara moja moja uso wake ulijitokeza, umeinuliwa juu, machozi yanatiririka, na sijui yapi yalikuwa ya moshi.

Nilikuwa nikiangalia juu kila mara. Bado ni manjano. Napepea. Bado ni manjano.

Nilimwomba Mungu vitu vingi maishani, lakini sijawahi kuomba kitu kwa moyo wote kama nilivyoomba paa liwe jeusi.

Filimbi ya pili ilipigwa na Mama hakuisikia, au aliisikia. Homugadi walipiga mlango teke, wakamwaga mtungi wa maji juu ya mafiga, wakaenda. Asubuhi paa lilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na matone ya kahawia yalikuwa yananing'inia kwenye ncha za nyasi, yananata. Yakatudondokea.

Leo ninajua kwa nini. Moshi wa vitu vibichi umejaa maji na utomvu. Hauna masizi ya kutosha. Na tena utando wowote hautaki pupa. Hata ndani ya kengele, ukimwaga mvuke kwa fujo juu ya kitu ambacho hakijawa tayari, unashika juu juu, kisha unabanduka magamba magamba. Nimewaambia wanafunzi hivyo mara nyingi sana, kwa sauti ya mwalimu, na hakuna hata mmoja aliyejua namwambia nani.

Pasi ilipatikana baada ya siku nyingi za kumpigia magoti mzee wa kijiji. Alipotoka nayo, hakukuwa na mtu wa kumfuata.

Paa likaja kuwa jeusi kwa wakati wake. Mimi nikaanza shule, mistari ya nyumba ikaanza kupungua, likawa jeusi vizuri kabisa, jeusi la kumwonyesha mtu.

Baba hakuja kulitazama.

Hali ya Hatari ilipokwisha na pasi zikawa karatasi za kuwashia moto, Mama alinishika mkono tukaenda Meru. Alikuwa amesikia kwamba Baba alionekana kwenye barabara ya huko. Tulizunguka kwa wenye malori, mmoja baada ya mwingine, mpaka tukamfikia Mzee Salimu, Mwislamu aliyekuwa na duka karibu na soko na lori la kubeba mahindi. Mama hakujua Kiswahili, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa ulimi wake. Nikauliza. Mzee Salimu akafikiri, akaiweka mizani chini.

"Mwenye kofia? Namkumbuka, kwa sababu siku ile tulipoteza siku nzima. Nilimchukua njiani, anakwenda kwa ndugu yake huko Maua. Akaniambia, 'Nimekuta mke wangu ameezekewa nyumba.' Mimi mila zenu sizijui, mwanangu. Nikadhani ananipa habari njema. Nikamwambia, basi mshukuru Mungu."

"Akasema nini?"

"Hakusema tena. Mbele ya Chuka kulikuwa na kizuizi. Hana pasi. Askari wakamshusha, wakampakia kwenye gari lao, likageuka. Mimi nikaambiwa niende zangu. Wallahi sikumwona tena."

Nilimgeukia Mama nikamtafsiria. Yote. Nilikuwa na umri wa kuelewa, ningeweza kuruka ile sehemu ya kuezekewa, lakini aliniangalia kwa namna ambayo usingeweza kuruka kitu.

Hakulia. Alimgeukia Mzee Salimu, akatafuta maneno machache ya Kiswahili aliyowahi kuyaokota barabarani kwa wasimamizi, akayapanga moja moja.

"Mimi naezeka. Mimi mwenyewe. Hakuna mtu."

Mzee Salimu alishika kichwa kwa mikono miwili. "Lahaula," akasema, na akatuletea viti, akatuletea chai, akatuletea mkate, na hatukuweza kula.

Tangu siku hiyo Mama alilisema neno lile mpaka alipokufa. Niliezeka mwenyewe. Alimwambia padri. Alimwambia mnunuzi wa mbuzi. Alimwambia nesi aliyekuwa anamtafuta mshipa wa damu, na nesi akasema, "Sawa, Cucu, kunja mkono." Watu waliheshimu uzee wake. Hakuna aliyekuwa amemuuliza, na yule aliyepaswa kuuliza hakuwapo.

Sasa ngoja nikiri, kwa sababu shajara isiyo na aibu ya mwenyewe ni tangazo la redio.

Nilipoingia maabara mara ya kwanza, msichana aliyeajiriwa kufagia na kuosha chupa, walikuwa wanapaka kioo. Nilisimama na ufagio. Niliona kipande kilichokuwa kitupu kikivaa ngozi mpya kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Wenzangu walisema, "Maajabu!" Mimi niliketi sakafuni. Niliwaza: kumbe inawezekana. Kumbe kuna mahali duniani ambapo kitu kinachochukua miaka kinaweza kufanyika ndani ya pumzi moja. Nikaomba nifundishwe. Wakacheka, kisha wakanifundisha. Watu walipokuwa wakiniuliza kwa nini nimeipenda kazi hii nilisema napenda fizikia. Fizikia naiheshimu. Nilichopenda ni kuingia kila asubuhi katika chumba ambacho ndani yake Mama hajachelewa.

Na jingine. Nina hasira na Baba. Nimekuwa nayo miaka mingi na ninaificha chini ya huzuni, kwa sababu huzuni ina adabu. Watu wa rika langu hatuna ruhusa ya kuwakasirikia baba zetu waliopotelea kizuizini, tunawawekea mashada. Lakini mimi namkasirikia. Na ninamtamani. Nikiona mwanamume mrefu ameinama kuingia mlango wa duka hapa sokoni, kifua changu kinasimama, hata leo, na kwa hesabu Baba angekuwa amepita miaka mia moja. Hesabu naijua. Kifua hakijui.

Basi leo.

Kinyua aliukagua unyasi wangu, akaugeuza, akajikuna kidevu. Wanawake kwa wanaume wa maabara walikuwa wamekuja kuniamkia, na nilikuwa nimevaa koti langu la zamani ambalo halifungi tena tumboni.

"Madam, hii si itajaa maji kwa vakyumu?"

Nikamwambia ana haki ya kuuliza, na kwamba nimeuanika na kuukausha juu ya jiko. Hata hivyo pampu ilihangaika. Kitu kilichowahi kuwa hai hakiachi maji yake upesi. Tulikaa tukinywa chai, sindano ya geji ikishuka kwa uvivu, naye akanisimulia watoto wake. Hakuuliza unyasi ni wa nini. Yule kijana nilimlea vizuri.

Ndani nilikuwa nimeweka vijiti viwili vya kaboni, kimoja nimekichonga ncha kama penseli, vikigusana. Sindano ilipofika mahali pake, nilivaa miwani ya giza nikazungusha kitufe mwenyewe. Ncha ikawaka nyekundu, ikawaka nyeupe, ikawaka kwa weupe usiotazamika. Nikahesabu kimoyomoyo kama zamani. Nikazima.

"Imeshika!" alisema Kinyua.

Imeshika. Hewa ikarudishwa ndani kwa mlio ule wa kuvuta pumzi ninaoupenda, kengele ikainuliwa, na unyasi ulikuwa mweusi, mweusi wa kung'aa, kama paa la mteremkoni. Ilichukua dakika moja hivi. Muda wa kuchemsha yai ni mrefu kuliko huo.

Nikaunusa.

Hauna harufu. Hapo ndipo machozi yaliponitoka mbele ya watu wote, na kijana mmoja akaenda kufungua dirisha akidhani ni moshi. Moshi upi? Hakukuwa na moshi. Ndiyo shida yenyewe.

Kisha nikaugeuza. Upande wa chini ulikuwa bado wa manjano, safi, kana kwamba haukuingia kamwe. Ni kawaida, mvuke ndani ya ombwe huenda mbele tu, ukapiga unachoelekea, haujui kuzunguka. Moshi wa jikoni ndio unaozunguka, unaorudi, unaoingia nyuma ya kila kitu. Nimelijua hilo miaka yote, nimelichorea picha ubaoni.

"Madam, tuigeuze tupake hii side ingine?" Kinyua alikuwa ameshashika koleo.

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Nikautazama ule umanjano.

Nikakumbuka mikono ya Mama ilivyovuja damu na jinsi alivyocheka. Fundo kwa fundo, safu kwa safu, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha, na mvua ilinyesha usiku mzima bila tone kupita. Miaka yangu yote nimetamani kulifunika paa lile. Nimejenga maisha mazima juu ya tamaa ya kulipaka mtu asilione. Na lilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kuzifanya. Halikuwa na kosa lolote. Hata Baba, akiwa amevunjika moyo pale mlangoni, hakuweza kujizuia kulisifu.

"Wacha hivyo," nilimwambia Kinyua. "Hii upande iko sawa."

Nimerudi na unyasi wangu umefungwa kwenye karatasi ya maabara, nimeuweka hapa mezani, upande wa manjano juu. Nje bado kunanyunya. Kesho nitaenda kaburini kwa Mama nikang'oe magugu, kama magoti yatakubali. Wewe sina kaburi lako, kwa hiyo nakuandikia hapa, ingawa hukujua kusoma.

Lile paa ulilolisifu, Baba, aliezeka mwenyewe.

Ungeuliza tu.